Kabla hamjauza ufukwe, fungueni geti

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi, na kwa Mkurugenzi Mkuu wa mamlaka ya usafiri

YAH: ARDHI YA UFUKWENI MLIYOKABIDHIWA

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa abiria wenu na jirani wa uzio wenu. Siku za kazi nasafiri na vyombo vyenu asubuhi na jioni, na nikishuka napita kando ya seng'enge ndefu yenye kibao kinachokataza kuingia. Upande wa pili kuna njia za reli zilizomezwa na majani, mataruma yaliyooza, kibanda kisicho na paa, na baada ya hapo maji. Ni mwendo wa dakika tatu kwa miguu, lakini hakuna anayeruhusiwa kuutembea. Watoto wa mtaa huu wanakua wakiyaona maji kupitia matundu ya waya. Baadhi yao wamejifunza kupenya, na hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote: wanafika majini kwa njia ya hatari kwa sababu njia salama haipo.

Naiandika barua hii wazi kwa kuwa jambo lenyewe si la mtaa mmoja. Mashirika ya reli, ya vivuko, ya mabasi na ya bandari yanashikilia kingo za mito, maziwa na bahari katika nchi nyingi, na popote yanapozishikilia mjadala huwa uleule. Wananchi wanasema, tufungulieni. Mamlaka inajibu kwamba hii ni ardhi ya uendeshaji, imehifadhiwa kwa mahitaji ya baadaye. Mwekezaji, ambaye vikaoni haonekani sana, anasubiri. Miaka inapita, kisha siku moja tunasikia zabuni imetangazwa. Nataka kusema nanyi kabla ya siku hiyo kufika.

Nakubali kwanza kwamba ardhi hii hamkuipora. Reli ilikwenda ukingoni mwa maji kwa sababu za kazi. Mzigo ulitoka melini ukaingia kwenye behewa, hivyo behewa lilipaswa kulifikia gati. Ukingo wa maji mara nyingi ni tambarare, na treni hupata shida kupanda mlima. Nyumba za kubomoa zilikuwa chache, na pale ardhi ilipokosekana kifusi kilimwagwa majini ikapatikana mpya. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1848 ilipofunguliwa reli ya Barcelona hadi Mataró, ya kwanza katika Hispania bara. Iliambaa na pwani, na miji ya kando yake ikajikuta imetenganishwa na bahari yake yenyewe. Ndivyo ilivyokuwa pia kando ya mto Hudson nchini Marekani, ambako treni za abiria mpaka leo zinapita jirani kabisa na maji, na mtu wa miji ile akitaka kuugusa mto ni lazima kwanza apate pa kuvukia reli.

Kisha kazi ikabadilika. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Safari hiyo moja haikuonekana kubwa, lakini mtindo wake ulienea duniani, na kontena linataka winchi kubwa, yadi pana na maji yenye kina. Magati ya zamani yaliyobanwa katikati ya miji hayakuweza kulipokea. Bandari zikahamia nje ya miji, mabehewa ya mizigo yakazifuata, na yadi za mjini zikabaki na walinzi. Kazi iliyouhalalisha uzio iliondoka, uzio ukabaki.

Ndiyo maana neno "uendeshaji" linanitatiza kila ninapolisikia vikaoni. Ziko sehemu za ardhi yenu ambazo kweli zinaendesha usafiri, na hizo naziheshimu. Karakana ikihamishiwa mbali, kila basi litasafiri tupu alfajiri kabla ya kumpata abiria wa kwanza, na litarudi tupu usiku, na mafuta ya safari hizo tupu tunayalipa sisi kwenye nauli. Gati la kivuko haliwezi kuwa penginepo isipokuwa majini. Vyombo vya akiba, mitambo ya umeme, njia ya kugeuzia treni, vyote vinahitaji mahali. Sitawaambia mfukuze karakana inayofanya kazi ili sisi tupate bustani. Ninachouliza ni hiki: katika ardhi yote iliyo ndani ya uzio, ni kiasi gani kinatumika leo, ni kiasi gani kina mpango ulioandikwa na tarehe yake, na ni kiasi gani kimefungwa tu kwa kuwa kimezoeleka kufungwa? Katika kikao cha hadhara tulichoitwa, kilichofanyika saa nne asubuhi siku ya kazi, eneo lote lilionyeshwa kwenye ramani kwa rangi moja ya kijivu. Swali hilo halikujibiwa, na kila msemaji alipewa dakika tatu.

Kuna neno ambalo nimeona halitajwi kwenye vikao hivi, nalo ni amana. Mtu aliyeachiwa amana ana mamlaka kamili ya kuilinda. Anaweza kuifungia ndani, anaweza kumzuia mtu kuigusa, anaweza hata kuitumia kwa namna aliyoruhusiwa na mwenyewe. Asichoweza ni kuihesabu kwenye utajiri wake, wala kuiuza kwa sababu mwenyewe hajaja kuiulizia. Naamini ninyi mmewekewa amana. Hati ina jina lenu, nami sibishani na hati. Lakini jina hilo liliandikwa pale kwa niaba ya watu, ili wasafiri. Sehemu ambayo haisafirishi tena mtu yeyote inarudi kwenye swali la mwanzo: iko kwa ajili ya nani?

Swali hilo limewahi kufikishwa mahakamani, na kisa chake ningependa kila mjumbe wa bodi akijue. Mwaka 1869 bunge la jimbo la Illinois liliipa kampuni ya reli ya Illinois Central zaidi ya ekari 1,000 za ardhi iliyo chini ya maji ya Ziwa Michigan, mbele ya mji wa Chicago. Ilikuwa karibu bandari yote ya mji. Mwaka 1873 bunge likafuta uamuzi wake. Kampuni ikashikilia kwamba ilichopewa kimeshakuwa chake, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Hukumu ilitoka mwaka 1892, ikaandikwa na Jaji Stephen Field. Ilisema kwamba ardhi iliyo chini ya maji ya namna ile jimbo linaishika kwa niaba ya watu wake, ili wapitishe vyombo vyao, wafanye biashara na kuvua bila kuzuiwa na mwenye hati binafsi. Jimbo haliwezi kuutupa wajibu huo kwa kuligawa eneo zima, kama vile lisivyoweza kuutupa wajibu wa kulinda amani. Majaji wanne waliafiki, watatu wakapinga. Kura moja ndiyo iliyoibakiza bandari ile mikononi mwa umma.

Chicago haikuishia hapo. Kwenye ramani ya mwaka 1836 ukanda wa ufukweni ulikuwa umeandikwa kwamba ni uwanja wa umma utakaobaki wazi daima, bila majengo wala kizuizi chochote. Sentensi hiyo ya wachora ramani ndiyo aliyoitumia mfanyabiashara Aaron Montgomery Ward kuwapeleka mahakamani waliotaka kujenga pale. Alipigana kesi baada ya kesi hadi mwaka 1911, na wakubwa wengi wa mji walimchukia kwa hilo. Leo pale ufukweni ipo bustani ya umma ya Grant Park. Na kipande kilichokuwa kimebaki na njia za treni na magari yaliyoegeshwa kilifunikwa, na mwaka 2004 ikafunguliwa juu yake Millennium Park. Treni hazikufukuzwa. Zinapita na kusimama chini ya bustani, na abiria akipanda ngazi anatokea kwenye majani. Kila ninapoambiwa kwamba lazima nichague kati ya usafiri na ufukwe, huwakumbuka abiria wale.

Wazo la amana ni la zamani kuliko Marekani yenyewe. Sheria za Warumi zilizokusanywa chini ya Mfalme Justinian mwaka 533 zilitaja hewa, maji yatiririkayo, bahari, na kwa ajili ya bahari fukwe zake, kuwa vitu vya watu wote kwa asili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaihesabu ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Uswidi inalinda mita 100. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1976, iliwataka wenye ardhi ya pwani waache njia ya waenda kwa miguu yenye upana wa mita 3. Mita tatu ni upana wa njia moja ya gari. Mwenye ardhi habomoi nyumba wala hahamishi reli ili azipate, na bado zinatosha kumfikisha mzee na fimbo yake hadi kwenye maji.

Nafahamu shida yenu ya fedha. Nauli peke yake mara nyingi haitoshi kuendesha usafiri wa umma, na mashirika yanayosifiwa kwa kujitegemea, kama shirika la reli la MTR la Hong Kong, hutegemea sana mapato ya majengo yaliyo juu na kando ya vituo vyao. Sipingi hilo hata kidogo. Jengeni nyumba juu ya vituo, pangisheni maduka, watu waishi karibu na treni. Lakini kituo na ufukwe ni vitu viwili. Thamani ya ardhi ya kituo mmeitengeneza ninyi kwa kuleta treni, na ni haki mvune mlichopanda. Thamani ya ufukwe imeletwa na maji, na maji hamkuyaleta ninyi. Tena kuuza ni mapato ya mara moja. Fedha inaziba pengo la bajeti ya mwaka mmoja, na mwaka unaofuata pengo linarudi ilhali ardhi haipo.

Tazameni Cape Town. Mwaka 1988 shirika la usafiri la serikali ya Afrika Kusini lilianzisha kampuni ya kuiendeleza bandari ya zamani ya Victoria na Alfred. Kwa jambo moja nakisifu kilichofanyika pale: boti za uvuvi na kazi ya kutengeneza meli hazikuondolewa, kwa hiyo mgeni anatembea gatini huku mafundi wakigonga vyuma. Wale wanaodai kwamba kazi na matembezi haviwezi kukaa pamoja wakaangalie. Lakini mwaka 2006 mali ile iliuzwa kwa wawekezaji, na mwaka 2011 ikanunuliwa tena na kampuni ya Growthpoint pamoja na mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali. Eneo linapendwa, linaingiza fedha, limeajiri watu wengi. Hata hivyo uamuzi wa nani ajenge nini kando ya maji yale unafanywa na wamiliki kwenye vikao vyao, na mwananchi anayepita pale anapita kama mteja. Shirika lililoanzisha yote halina tena sauti, wala halipati kodi ya kila mwezi ambayo lingeweza kuitumia kukarabati mabehewa. Kama ni lazima ardhi iingize fedha, pangisheni, msiuze, na ukanda wa kando ya maji usiingie kabisa kwenye mkataba wa mpangaji.

Hoja yenu ya usalama ndiyo nzito kuliko zote. Udongo wa yadi za reli unabeba kazi iliyofanyika juu yake: dizeli iliyomwagika, kreosoti iliyopakwa kwenye mataruma yasioze, majivu ya makaa ya mawe, madini ya risasi yaliyokuwa kwenye rangi za zamani. Mtoto hapaswi kuchimba hapo kwa mikono yake. Ukuta wa gati nao ulijengwa kwa ajili ya meli. Binadamu akianguka, hana pa kushika. Haya ni ya kweli na yeyote anayeyapuuza asipewe ufunguo. Lakini hatari hizi zote zina ufundi wake. Udongo hupimwa, na matokeo yakatangazwa; palipochafuka sana pakafukuliwa au pakafunikwa kwa tabaka la udongo safi, na mahali pengine njia ya mbao iliyoinuliwa inatosha. Kwenye gati huwekwa ngazi za chuma zinazoshuka majini, maboya ya kuokolea, vizuizi pale penye kina, taa. Reli inayotumika huvukwa kwa daraja. Seattle, mwaka 2007, walifungua bustani ya sanamu kwenye eneo lililokuwa la kampuni ya mafuta, lenye udongo uliochafuka, lililokatwa na barabara na njia ya treni. Waliinua ardhi, wakaweka njia inayoteremka kwa mikato kupita juu ya barabara, kisha juu ya treni, hadi ufukweni. Treni za mizigo zinaendelea kupita chini ya miguu ya watu.

Nami nawaomba mlinganishe hatari za ufukwe uliofunguliwa kwa mpango na hatari za uzio uliotoboka. Uzio wenu umetoboka. Naliona tundu kila jioni, linazibwa, na baada ya wiki mbili liko mita ishirini mbele. Wanaopenya hawana ngazi, hawana boya, hawana taa, na wakipata ajali hawapigi kelele haraka kwa sababu wanajua hawakupaswa kuwa pale.

Iko hofu nyingine, ambayo kwenye vikao haisemwi kwa sauti: mkifungua kwa muda, hamtaweza kufunga tena. Mnaoiogopa hamjaibuni. Uwanja wa ndege wa Tempelhof mjini Berlin ulifungwa mwaka 2008, ukafunguliwa kwa wananchi mwezi Mei 2010, na serikali ya mji ilipotaka kujenga nyumba pembezoni mwake, wananchi waliikataa mipango hiyo kwa kura ya maoni tarehe 25 Mei 2014. Si ufukwe ule, lakini ni ardhi ya usafiri iliyokwisha kazi, na naelewa kwa nini wakuu wa mashirika wanausoma mfano huo kama onyo. Berlin ina uhaba mkubwa wa nyumba, na siwezi kusema kirahisi kwamba wapiga kura walikuwa sahihi kwa kila kipande cha ekari zile. Ninachojifunza pale ni kwamba watu walikuwa wameutembea uwanja kwa miaka minne kabla ya kuulizwa. Walipiga kura wakijua wanachopigia. Sisi tunaulizwa maoni kuhusu mahali ambapo hatujawahi kukanyaga.

Dawa ya hofu hiyo ni kuandika wazi tangu siku ya kwanza. Toeni leseni ya matumizi ya muda, ya miaka mitano kwa mfano. Choreni mstari ardhini kwa rangi: upande huu mtaurudishia kazi ya reli ikihitajika, na mtatoa taarifa mwaka mmoja kabla, upande huu, ulio kando ya maji, hautafungwa tena. Watu hukubali kufungiwa mahali walipoambiwa mapema kwamba patafungwa. Kinachowakasirisha ni kuamka asubuhi wakute kufuli ambalo jana halikuwapo.

Sasa nina maneno kwa upande wetu, na nataka myasome ninyi pia, maana mara nyingi tunajiita "jamii" kama vile sote tunataka kitu kimoja. Hatutaki kitu kimoja. Wapo majirani zangu wanaoomba ufukwe ufunguliwe, ila kwao tu. Wanasema wanaogopa kelele, wageni, magari yatakayojaza mitaa, na ukiwasikiliza kwa makini unagundua kwamba uzio unawafaa, kwa kuwa unawapa mandhari ya maji yasiyo na watu. Wapo wanaotumia neno mazingira kwa namna hiyo hiyo. Hapa natofautisha. Ziko sehemu ambazo kweli hazifai kukanyagwa: vinamasi, mikoko, mahali ndege wanapotagia mayai, hata kona za yadi ambako uoto umejirudisha wenyewe kwa miaka ya upweke. Hizo ziachwe, na jukwaa dogo la kutazamia likiwekwa kwa mbali linatosha. Lakini mazingira yasitumike kumzuia mtoto wa mtaa wa pili asifike kwenye saruji tupu ya gati.

Na wapo ambao kikaoni hawaji kabisa. Wavuvi wa ndoano wameutumia ufukwe huu kwa miaka mingi kupitia tundu la uzio. Ndio wanaojua mkondo unavuta wapi, maji yanajaa saa ngapi, na jiwe gani huteleza. Nimetazama michoro ya wasanifu wa maeneo ya namna hii: watu wamekaa kwenye mabenchi, wanaendesha baiskeli, wanatembeza mbwa. Bado sijaona mchoro hata mmoja wenye mtu aliyeshika ndoano. Bustani ikifunguliwa na walinzi wapya wakaletwa, wa kwanza kufukuzwa atakuwa yule aliyekuwapo kabla ya bustani. Tafadhali msikubali hilo litokee kwa jina letu. Waiteni wavuvi mapema, mkawaulize palepale wanapovulia, kwa sababu ukumbini hamtawapata.

Kuhusu magari, ninyi mna uwezo ambao idara ya bustani haina. Ninyi ndio mnaoweza kuwaleta watu ufukweni bila magari yao. Mabishano ya maegesho, ambayo yameua mipango mingi mizuri ya namna hii, yanapungua makali kama kituo kiko hatua chache na chombo kinapita mara kwa mara siku ya Jumapili na sikukuu, si asubuhi za kazi tu. Ufukwe ulio wazi unawapa abiria katika saa ambazo vyombo vyenu vinakwenda nusu tupu. San Francisco walilielewa jambo hili kwa njia ya uchungu. Barabara ya ghorofa iliyokuwa imeufunika ukingo wa maji iliharibiwa na tetemeko la ardhi la mwezi Oktoba 1989, na mwaka 1991 wakaanza kuibomoa. Badala yake ilipita barabara ya chini yenye miti na tramu, na jengo la zamani la vivuko likakarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2003. Pale watu wanakwenda kupanda boti, na wengine wanakwenda kukaa tu, na kundi moja linalilisha lingine.

Nigusie maji yenyewe, maana yanapanda. Wanasayansi wa jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi wanakadiria kwamba usawa wa bahari duniani uliongezeka kwa takriban sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018, na kasi inaongezeka. Jengo la kudumu lililobanwa na maji ni deni ambalo warithi wenu ndio watakaolilipa. Katika eneo la HafenCity mjini Hamburg, kwenye ardhi iliyokuwa ya bandari, majengo yameinuliwa hadi mita 8 au 9 juu ya usawa wa bahari, na njia za kutembea za kando ya maji zimeachwa chini ili mafuriko yakija yapite hapo. Bustani ikifurika, kesho yake inafagiwa. Hata asiyejali matembezi ya mtu yeyote anaweza kuukubali ukanda wa wazi kwa hesabu hiyo peke yake.

Ombi langu ni hili. Tangazeni ramani ya ardhi yote ya ufukweni mnayoishikilia, na kila kipande kiandikwe kinatumika kwa nini leo. Simamisheni uuzaji wa kipande chochote kinachogusa maji mpaka ramani hiyo ijadiliwe. Pitisheni azimio la bodi, lenye namba na tarehe, kwamba ukanda wa kando ya maji utabaki chini ya umma hata ardhi ya nyuma yake ikipangishwa. Vikao vifanyeni jioni, na baadhi yake ndani ya vyombo na vituoni, ambako abiria tupo tayari. Na msisubiri mpango mkuu ukamilike ndipo mfungue, kwa kuwa mipango mikuu huchukua muda ambao watoto wa leo hawana. Pimeni udongo wa njia moja tu, kutoka barabarani hadi gatini. Wekeni vizuizi pande zote mbili, taa, ngazi na maboya. Fungueni Jumamosi na Jumapili kwa kuanzia, mchana tu, mkaangalie nani anakuja na anafanya nini. Wako walinzi wanaolipwa sasa hivi kuzuia watu. Walipwe hao hao kuwaangalia.

Geti lipo tayari. Liko upande wa yadi unaoelekea kituoni, karibu na kile kibanda kisicho na paa, na kufuli lake limeshika kutu. Jibu lenu nalisubiri kwa maandishi, na ninaomba libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kituo ili abiria wenzangu nao walisome wakisubiri chombo.

Wenu kwa heshima,

Abiria, na jirani wa uzio